Mzee Akifa, Sheria Ipi Igawe Shamba?

Tuchukue mfano. Mzee Mwislamu wa hapa Cheptais amefariki. Ameacha mjane, watoto na shamba la mahindi. Wazee wa ukoo wanataka shamba liende kwa wavulana peke yao, kimila. Binti anadai fungu alilowekewa na Qur'ani. Kijana mwingine anasema, "Twendeni korti, serikali iamue." Sheria tatu, shamba moja. Ipi ifuatwe?

Jibu lina historia. Mwaka 1895 Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar aliwakabidhi Waingereza utawala wa ukanda wa pwani, maili 10 kutoka baharini, na makadhi wakaendelea kuhukumu huko. Sisi wa Mlima Elgon hatukuwemo. Mpaka 1902 upande huu ulihesabiwa Uganda! Mwaka 1963, karibu na uhuru, Jomo Kenyatta aliiahidi serikali ya Zanzibar kwamba makadhi watabaki. Kisha mwaka 1967 Bunge likapitisha sheria mbili. Moja iliruhusu korti ziongozwe na mila za Kiafrika pale mila hizo zinapomhusu mmoja wa wenye kesi, mradi zisipingane na haki. Ya pili iliwawezesha makadhi kuhukumu hata nje ya pwani.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi huchanganya. Kuna maswali mawili: korti ipi, na sheria ipi?

Korti kwanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inasema kadhi husikiliza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, ikiwa wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali. Mmoja akikataa, kesi huenda korti ya kawaida.

Je, sharia imeishia hapo? La! Sheria ya Urithi ilianza kutumika 1981, ikarekebishwa 1990 baada ya Waislamu kulalamika. Tangu hapo, mali ya aliyefariki akiwa Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, hata kama jaji si Mwislamu. Linaloulizwa ni dini ya marehemu, si jengo la korti wala matakwa ya ukoo.

Kenya sheria humfuata mtu. Kumbuka wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Si Mwislamu, aliishi Nairobi. Mkewe Wambui alitaka kumzika Ngong, lakini mwaka 1987 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba yeye ni Mjaluo, na mila za Kijaluo ndizo zitakazofuatwa. Akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Lakini Katiba iko juu ya zote. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa Mwislamu wasinyimwe urithi kwa sababu tu wamezaliwa nje ya ndoa. Masheikh wengi hawakuridhika, na mjadala unaendelea.

Basi ndugu yangu, usingoje msiba. Weka cheti chako cha ndoa mahali salama. Andika wasia, usizidi theluthi. Na mkikaa kufuturu, waambie wanao waziwazi, mabinti wakiwepo, mali yako igawanywe kwa sheria gani.

Ramadhan Karim.