Stempu za Arusi ya Mfalme

Msomaji, ukisimama pwani ya Port Reitz ukatazama maji yaelekeayo Kilindini, jina la mahali hapo lenyewe ni somo la historia. Limetokana na John James Reitz, afisa wa manowari za Kiingereza aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 ili aisimamie, naye akafa kwa homa kabla mwaka haujaisha. Mtawala huacha jina lake juu ya maji; huacha pia sura yake juu ya karatasi. Karatasi hiyo ni stempu.

Wengi hudhani kukusanya stempu ni mchezo wa watoto. La, hasha! Chukua mathalani stempu za ndoa za kifalme. George wa Sita, kabla hajawa mfalme, alimwoa Elizabeth tarehe 26 Aprili 1923. Ilipotimia miaka 25, mwaka 1948, makoloni ya Kiingereza yalianza kutoa stempu za ukumbusho. Kenya, Uganda na Tanganyika, ambazo zilitumia stempu za pamoja, zilitoa mbili mwaka huo: moja ya senti 20, na nyingine ya pauni moja, yaani shilingi 20. Zanzibar ilitoa zake mwaka uliofuata.

Piga hesabu. Ile ya pili ilikuwa na bei mara 100 ya ile ya kwanza. Ya senti 20 mtu wa kawaida aliweza kuibandika juu ya bahasha yake. Ya pauni ilimfaa zaidi mkusanyaji. Naye alipoinunua na kuihifadhi, posta ilipokea fedha bila ya kubeba barua yoyote.

Sasa jiulize: stempu hizo zimenyamazia jambo gani? Mwezi wa Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wakidai ujira wa kuwatosha. Mwezi wa Agosti kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa akapelekwa kizuizini Kabarnet. Serikali iliyoadhimisha ndoa ya mfalme haikuwatolea hao stempu.

Wala usidhani kwamba uhuru uliikomesha desturi hiyo. Kenya ilijitawala mwaka 1963. Hata hivyo Charles alipomwoa Diana mwaka 1981, Kenya ilitoa stempu za arusi yao. Safari hii iliamua nchi huru, mwanachama wa Jumuiya ya Madola, na wakusanyaji wa ng'ambo walikuwa wangali wakinunua.

Basi ukipata stempu kuukuu, usiibandue kwa kucha. Mhuri ukionyesha vizuri mji na tarehe, iache juu ya bahasha yake, maana huo ni ushahidi. Ihifadhi mbali na unyevu wa pwani. Kisha andika chini yake majibu matatu: nani aliitoa, nani aliilipia, na nani hakutajwa. Ukiweza kujibu hayo, umekwisha kuwa mwanafunzi wa historia.