Uboreshaji wa kabureta na mfumo wa umeme wa Land Rover za zamani

Uboreshaji wa kabureta na mfumo wa umeme wa Land Rover za zamani ni kazi ya kukarabati au kubadilisha vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, vinavyotoa cheche ya kuwasha injini na vinavyochaji betri katika Land Rover za Series I, II, IIA na III. Magari hayo yalitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1948 hadi 1985. Shabaha ya kazi hii ni gari liwake kwa urahisi, litumie mafuta kidogo, liwe na taa za kutosha usiku na lisiwe na hatari ya kushika moto. Makala hii inahusu hasa injini ya petroli ya lita 2.25 na mazingira ya Mkoa wa Mara, Tanzania.

== Historia ==

Land Rover ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza mjini Amsterdam, Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Series II ilifuata mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961 na Series III mwaka 1971. Injini ya petroli yenye mitungi minne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, inayojulikana kama injini ya lita 2.25, ilianza kutumika mwaka 1958.

Katika Afrika Mashariki gari hili lilitumiwa na serikali, misheni, hifadhi za wanyamapori na wakulima. Shasi yake ni nzito na rahisi kuchomelea, na bodi yake ya aluminiamu haishiki kutu kama bati la chuma. Mwezi Oktoba 2024 lilifanyika tamasha la wamiliki wa Land Rover jijini Arusha, ambapo magari mengi ya zamani yalifika yakiendeshwa.

== Mazingira ya Mara ==

Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Musoma, pamoja na kata yake ya Mwigobero iliyo ufukweni, uko juu kidogo tu ya kiwango hicho. Hapo kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko pwani. Kwa kuwa hewa ni nyepesi zaidi, kabureta iliyopangwa kwa ajili ya usawa wa bahari hutoa petroli nyingi kidogo kuliko inavyohitajika. Gari likipanda kuelekea maeneo ya juu zaidi, tofauti hiyo huongezeka.

Kuna mambo mengine mawili. Vumbi la barabara za udongo huziba chujio la hewa, na chujio lililoziba huongeza tena kiasi cha petroli katika mchanganyiko. Karibu na ziwa, unyevu hufanya viungo vya nyaya viote kutu ya kijani, na umeme hupita kwa shida.

== Kabureta ==

=== Kazi yake ===

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika mitungi. Ili petroli iungue yote, kilo 1 huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi mweusi na plagi huwa na masizi. Ikipungua, injini huchemka, hukosa nguvu na plagi huwa nyeupe. Plagi yenye rangi ya kahawia isiyokolea huonyesha mchanganyiko unaofaa.

=== Hitilafu za kawaida ===

Land Rover za lita 2.25 zilitoka kiwandani na kabureta ya Solex, na baadaye Zenith 36 IV. Udhaifu unaojulikana wa Zenith ni kifuniko chake cha juu kupinda kutokana na joto na kukazwa mno. Petroli hupenya kati ya vipande viwili bila kupimwa na jeti, na gari hula mafuta hata baada ya kurekebishwa mara nyingi. Tiba yake ni kusawazisha uso uliopinda kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, kisha kufunga gasketi na pete mpya za mpira.

Kosa jingine ni kuzibua jeti kwa waya. Tundu la jeti limetobolewa kwa kipimo kamili, na waya hulipanua. Baada ya hapo hakuna skrubu inayoweza kurudisha kipimo kile. Jeti husafishwa kwa petroli safi na hewa ya pampu.

=== Kubadilisha ===

Kabureta inayotumika sana badala ya Zenith ni Weber 34 ICH. Ina sehemu chache na ni rahisi kurekebisha, ingawa nguvu ya injini hupungua kidogo katika mwendo wa kasi. Mafundi wengine hutengeneza bamba la kuunganishia ili kufunga kabureta ya gari la Kijapani. Njia hiyo hufanya kazi ikiwa bamba halivujishi hewa, ukubwa wa koo la kabureta unalingana na injini na waya wa mafuta unarudi wenyewe mguu unapoondolewa.

== Mfumo wa umeme ==

=== Ethi ===

Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 zina ethi chanya, yaani upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Vifaa vingi vya kisasa vinahitaji ethi hasi. Fundi asiyekagua jambo hili anaweza kuunguza diodi za oltaneta mpya mara tu anapounganisha betri. Katika kugeuza ethi, nyaya za koili na za ammita nazo hubadilishwa pande, na redio hukaguliwa. Dinamo ikibaki, lazima ipewe usumaku upya.

=== Dinamo na oltaneta ===

Dinamo ya Lucas C40 hutoa takriban ampea 22 injini ikizunguka kwa kasi, lakini ikiwa sailensa hutoa kidogo sana. Taa kubwa mbili za wati 60 peke yake huhitaji ampea 10. Ndiyo maana gari likitembea polepole usiku, taa hufifia na betri huisha. Oltaneta, ambayo kwa kawaida ilifungwa katika Series III, huchaji hata injini ikizunguka polepole.

Oltaneta ikiwekwa badala ya dinamo, kidhibiti cha zamani cha chaji huondolewa kwenye mzunguko. Waya wa kwenda kwenye betri uwe na unene wa milimita za mraba 6 au zaidi. Mkondo mkubwa usipitishwe katika ammita ya zamani, na taa ya onyo la chaji iunganishwe, kwa sababu oltaneta nyingi huihitaji ili zianze kuchaji.

=== Cheche ===

Nafasi ya pointi ni kati ya milimita 0.36 na 0.40, na ya plagi ni kati ya 0.75 na 0.80. Mpangilio wa kuwaka kwa mitungi ni 1-3-4-2. Pointi zinaweza kubadilishwa kwa kifaa cha kielektroniki kinachoingia ndani ya distribyuta, ambacho hakihitaji kurekebishwa mara kwa mara. Hata hivyo kikiharibika njiani hakitengenezeki, kwa hiyo madereva wa safari ndefu hubeba pointi na kondensa za akiba.

=== Nyaya na fyuzi ===

Magari haya yalikuwa na fyuzi chache sana. Waya uliochubuka ukigusa bodi unaweza kuwaka kabla dereva hajatambua. Uboreshaji wenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni kuongeza kisanduku cha fyuzi, rilei za taa kubwa na nyaya mpya za ethi kati ya betri, shasi na injini.

== Mpangilio wa kazi ==

Dalili za cheche dhaifu hufanana na za kabureta mbovu, na wamiliki wengi hununua kabureta mpya bila sababu. Mpangilio unaofaa ni huu:

# Kupima mgandamizo wa mitungi na kurekebisha vali.
# Kukagua plagi, pointi, kondensa, koili na taimingi.
# Kusafisha tangi, pampu na vichujio.
# Kutafuta mahali hewa inapoingia chini ya kabureta.
# Kurekebisha kabureta, injini ikiwa imepata moto.

== Usalama ==

Betri hufunguliwa kabla ya kugusa nyaya au mabomba ya mafuta, ikianza na upande wa ethi. Petroli isivutwe kwa mdomo, na kabureta isifunguliwe karibu na jiko, sigara au mashine ya kuchomelea. Maji hueneza moto wa petroli. Hutumika mchanga au kizimamoto cha unga.

== Uhalisi wa gari ==

Gari la makumbusho huhifadhiwa lilivyokuwa, lakini gari linaloendelea kufanya kazi lazima liwe salama barabarani. Wamiliki wanaojali yote mawili hufanya mabadiliko yasiyohitaji kukata wala kutoboa bodi, huchora ramani ya nyaya mpya na huhifadhi kabureta na dinamo za awali ili ziweze kurudishwa.