Vitufe vichache vinavyookoa kazi, muda na siri katika kompyuta

Na Mwandishi Wetu

WAFANYAKAZI wengi wa ofisi za mijini hutumia kompyuta kila siku, lakini ni wachache wanaofahamu kuwa sehemu kubwa ya kazi wanayoifanya kwa kusogeza mausi huku na huko inaweza kukamilishwa kwa kubonyeza vitufe viwili au vitatu vya kibodi.

Tuseme mtu anapoteza sekunde tatu kila anapoacha kibodi na kushika mausi, na anafanya hivyo mara 200 kwa siku. Hizo ni dakika 10. Kwa wiki ya siku tano za kazi zinafika dakika 50, na kwa mwaka ni zaidi ya saa 40, ambazo ni sawa na wiki nzima ya kazi.

Hata hivyo, muda si hasara pekee. Umeme ukikatika ghafla, ripoti iliyoandikwa tangu asubuhi huweza kutoweka. Aidha, katika maduka ya steshenari na vibanda vya intaneti ambako kompyuta moja hutumiwa na watu wengi, asiyejua kompyuta inakumbuka nini huweza kumwachia mgeni siri zake.

Kulinda kazi

Vitufe vya kwanza kuvizoea ni Ctrl na S, ambavyo huhifadhi kazi papo hapo. Ni vyema kuvibonyeza kila aya inapokamilika bila kusubiri mwisho wa siku.

Programu ya Word ina kinga yake ya kutunza nakala ya dharura, lakini kwa kawaida imepangwa kufanya hivyo kila baada ya dakika 10. Muda huo unaweza kupunguzwa kwa kufungua menyu ya File, kisha Options, halafu Save. Kinga hiyo ni msaada tu, haichukui nafasi ya kuhifadhi kazi mwenyewe.

Ctrl na Z hutengua kosa lililofanyika sasa hivi. Mtu aliyefuta ukurasa mzima kwa bahati mbaya hana haja ya kuuandika upya. Akibonyeza vitufe hivyo, maneno yake hurejea.

Kuharakisha kazi

Ctrl na C hunakili, Ctrl na X hukata na Ctrl na V hubandika. Utaratibu wa kukata, kunakili na kubandika unahusishwa zaidi na Larry Tesler, mtaalamu wa Marekani aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California katika miaka ya 1970. Tesler alifariki dunia Februari 2020 akiwa na umri wa miaka 74.

Alt na Tab humwezesha mtu kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine bila kufunga chochote. Ctrl na F hutafuta neno ndani ya waraka, na katika Word, Ctrl na H hubadilisha neno kila lilipo. Jina lililokosewa katika kurasa 40 huweza kusahihishwa kwa mara moja.

Katika Excel, Alt pamoja na alama ya sawasawa hujumlisha safu ya tarakimu. Anayetaka kupiga picha ya sehemu ya kioo cha kompyuta hahitaji programu ya kununua. Katika Windows 10 na Windows 11, kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na Shift na S hufanya kazi hiyo.

Programu ikigoma, Ctrl, Shift na Esc hufungua orodha ya programu zinazofanya kazi, na iliyokwama huweza kufungwa peke yake bila kuzima kompyuta nzima.

Wenye kompyuta za Apple hutumia kitufe cha Command badala ya Ctrl katika kuhifadhi, kutengua, kunakili, kukata, kubandika na kutafuta.

Kulinda siri

Windows 10 na Windows 11 zina uwezo wa kutunza hadi vitu 25 vilivyonakiliwa. Uwezo huo ukishawashwa, kitufe cha Windows pamoja na V huonyesha orodha yote. Ni msaada mkubwa kwa mwandishi au karani, lakini ni hatari katika kompyuta ya watu wengi, kwani nywila au namba ya akaunti iliyonakiliwa huweza kuonekana na anayefuata. Orodha hiyo ifutwe kabla ya kuondoka.

Vivyo hivyo, katika vivinjari vingi vya intaneti Ctrl, Shift na T hufungua upya ukurasa uliofungwa. Kwa hiyo, kufunga ukurasa wa barua pepe bila kujiondoa kwenye akaunti si usalama. Anayetumia kompyuta isiyo yake ni heri afungue dirisha la faragha kwa Ctrl, Shift na N katika Chrome au Edge, na akimaliza ajiondoe kwenye akaunti na kulifunga.

Ofisini, anayeinuka kwenda kunywa chai abonyeze kitufe cha Windows pamoja na L. Kompyuta hujifunga mara moja na haifunguki bila nywila, mradi iwe imewekewa nywila hiyo.

Si lazima kuvikariri vitufe vyote kwa siku moja. Anayeanza achague vitatu, avitumie wiki nzima hadi vidole vizoee, kisha aongeze vingine. Haba na haba hujaza kibaba.