Kiinimacho ni Kazi: Historia ya Kumsoma Kabla Hujatoa Sarafu Sokoni Ifo

Tuongee ukweli, walaal. Ukisimama leo jioni kando ya soko la Ifo ukatoa sarafu ya shilingi ishirini nyuma ya sikio la mtoto, mambo mawili yatatokea. Watoto watakuzunguka kabla hujahesabu hadi kumi. Halafu mzee mmoja atasimama pembeni aulize, "Kijana, hiyo ni sihiri ama ni mchezo?"

Umati na swali. Kazi ya mazingaombwe imeishi kati ya hayo mawili miaka yote. Wapo waliojua kukusanya watu lakini swali likawashinda. Wapo pia waliolijibu vizuri mpaka wakalisha familia kwa karata na kamba. Leo tuwaangalie hao wa pili, halafu turudi Ifo, maana huku kuna swali la tatu ambalo wao hawakuulizwa.

Swali la mzee

Kwanza, usimcheke huyo mzee. Kila aliyepita duksi anajua kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni, vile kamba na fimbo zilionekana mbele ya watu kama nyoka wanaotembea. Sihiri kwenye dini ni jambo zito, na wapo masheikh wanaokataa hata mchezo wa mkono. Mimi sio sheikh, fatwa tafuta kwa wenyewe. Ninachoweza kukuonyesha ni lugha. Kwa Kiswahili uchawi una neno lake, na huu mchezo tunauita kiinimacho. Kisomali nacho kina indhasarcaad, na indho ni macho. Majirani wawili, na wote wameona kwamba huu ufundi unacheza na macho ya mtu.

Sheria nayo iko. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925, enzi za mkoloni. Ukiisoma pole pole, inamlenga anayejidai ana nguvu za ajabu ili awatie watu hofu, awaudhi au awadhuru. Shika hapo kwa hofu. Ukiwatisha watu uko pabaya. Ukiwachekesha na kusema wazi kwamba ni mchezo, hiyo ni hadithi nyingine.

Sasa uone jinsi ufundi mmoja unaweza kwenda pande zote mbili. Jean-Eugène Robert-Houdin alikuwa fundi wa saa Ufaransa. Mwaka 1845 alifungua ukumbi wake Paris, akaachana na majoho ya kichawi, akapanda jukwaani na suti ya kawaida kama mgeni wa karamu. Wengi humwita baba wa mazingaombwe ya kisasa. Mwaka 1856 serikali yake ikamtuma Algeria. Hakuenda kuburudisha. Wafaransa waliogopa ushawishi wa marabuti, viongozi wa dini walioaminiwa na watu, kwa hivyo walitaka kuonyesha kwamba mtu wao ana nguvu kuliko wote. Alikuwa na kisanduku ambacho hata mtoto angekinyanyua. Akamwita mwanamume mwenye misuli, akamwambia nguvu zako nimezichukua, na jamaa akavuta kisanduku mpaka akashindwa. Siri ilikuwa sumaku ya umeme iliyofichwa chini.

Mwenyewe aliandika kwamba baadaye watu walielezwa kuwa ni mbinu tu. Lakini walikuwa wameshatishwa, na kutishwa ndio ilikuwa shabaha. Kisanduku ambacho Paris kilileta makofi, Algiers kilimfanyia mkoloni kazi. So mzee wa soko la Ifo akiuliza swali lake, ana haki. Mababu wa wengine walichezewa hivyo hivyo.

Vifaranga wa Port Said

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na meli za abiria kutoka Uingereza kuja Mombasa zikawa zinapita Port Said. Hapo walikuwepo Wamisri ambao wasafiri waliwaita "gully-gully", kwa sababu ya neno walilolirudia rudia wakicheza. Walipanda melini na kanzu pana, vikombe na vifaranga hai. Kifaranga kinaingia chini ya kikombe, kinatokea mfukoni mwa abiria, mara wamekuwa wawili.

Hawakuwa na bango wala ukumbi. Walikuwa na abiria waliochoka kungoja, maneno machache ya kila lugha, na mchezo unaoisha kabla meli haijang'oa nanga. Basi. Kwa hayo waliishi miaka na miaka. Mmoja wao, aliyejiita Luxor Gali-Gali, alifika hadi majukwaa ya Marekani na vikombe vyake.

Hapa kuna somo ambalo watu wanalipita haraka. Wengi wanaanza na swali, nitapata wapi jukwaa? Wale wa Port Said walijiuliza, watu wamekaa wapi bila la kufanya? Na kama kuna mahali duniani watu wanajua kungoja, ni Ifo.

Jina lako ni duka lako

P. C. Sorcar alizaliwa mwaka 1913 Tangail, sehemu ambayo leo ni Bangladesh. Jina la ukoo wake alilibadilisha maandishi kidogo tu, likasikika kama neno la Kiingereza la mchawi. Akavaa kilemba na nguo za kimaharaja, akajiita mwanamazingaombwe mkuu kuliko wote duniani kabla mtu mwingine hajamwita hivyo.

Tarehe 9 Aprili 1956 alikuwa kwenye kipindi cha Panorama cha BBC, akamkata msichana wa miaka 17 kwa msumeno wa umeme. Alipomaliza akamwita, msichana kimya. Mtangazaji akaingia mbele ya kamera, akaaga, kipindi kikaisha. Simu za BBC zikafurika, watu wanauliza kama msichana amekufa. Alikuwa mzima kabisa. Kesho yake ilikuwa habari ya magazeti, na tiketi za maonyesho yake London zikagombaniwa. Wengi wanaamini alipiga hesabu ya dakika. Utasema si hapo alitisha watu? Ndiyo, kwa usiku mmoja. Asubuhi kila mtu alijua ni mchezo, na hakuna aliyelazimishwa kumtii.

Halafu kuna Houdini. Alizaliwa Budapest mwaka 1874 kama Erik Weisz, mtoto wa rabi, akapelekwa Marekani akiwa mdogo, familia haina kitu. Jina la kazi alilitoa kwa yule Robert-Houdin, akaongeza herufi moja. Tangazo lake halikuwa la kulipia. Alikuwa akiingia kituo cha polisi, anawaambia askari nifungeni pingu zenu, waandishi wa habari wakiangalia. Akitoka, kesho yake mji mzima unamjua. Na miaka ya 1920, akiwa tajiri tayari, alizunguka akiwaumbua waliodai wanaongea na wafu ili wale pesa za wafiwa. Swali la mzee alilijibu hadharani: mimi nacheza, hawa wanawaibia.

Swali la tatu

Sasa Ifo. Kambi ilifunguliwa mwaka 1991 Somalia ilipovunjika, ikafuatwa na Dagahaley na Hagadera. Zote tatu zilipangiwa watu 90,000. Ukame wa mwaka 2011 ulipofika, Dadaab ilipita watu 400,000. Kuna kizazi kimezaliwa hapo, kimesoma hapo na kimeoa hapo.

Usidhani burudani ni jambo jepesi kwa watu hawa. Mogadishu ilikuwa na ukumbi wa taifa wa michezo tangu mwaka 1967, na vita vilipokuja wasanii wakatawanyika. Ukumbi ulifunguliwa tena Machi 2012. Tarehe 4 Aprili, wiki chache tu, ukalipuliwa. Julai hiyo hiyo mchekeshaji Abdi Jeylani Malaq, yule watu walimwita Marshale, akapigwa risasi Mogadishu. Alikuwa akiwakejeli wenye bunduki. Kwa hivyo kijana wa Ifo anayesimama mbele ya watu kuwafanya wacheke anashika kazi ambayo wengine waliifia.

Swali la tatu analoulizwa ni hili: pasi yako iko wapi? Houdini alitoka kwenye pingu za kila mji kwa sababu aliweza kufika kila mji. Wale wa Port Said, meli ziliwafuata. Msanii mkimbizi wa Ifo akialikwa harusi Garissa mjini, kama kilomita mia hivi, hawezi kupanda basi tu aende. Anahitaji kibali. Miaka mingi pia mkimbizi aliyefanya kazi na mashirika kambini hakulipwa mshahara, alipewa insentivu, kiasi kidogo kuliko mwenzake Mkenya anayefanya kazi ile ile. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliongea vizuri zaidi kuhusu haki ya kufanya kazi. Sawa. Lakini sheria kwenye karatasi haivuki kizuizi cha barabarani kama kibali hakitoki.

Maoni yangu ni haya. Ufundi unao au utaupata, simu inafundisha. Jina chagua mwenyewe, lisikike vizuri kwa Kisomali na kwa Kiswahili. Kila unapoanza, sema kwa sauti kwamba ni mchezo wa mikono, na ule mchezo rahisi kuliko yote mfundishe mtoto mmoja mbele ya wazee. Hautapoteza siri kubwa, na utapata ulinzi wa watu. Usikubali kamwe kutabiria mtu au kumtolea mtu jini, hata akikupa doo ngapi. Siku utakayokubali, umehama upande. Rekodi klipu fupi, maana klipu haiombwi pasi barabarani.

Na nyinyi mnaoandaa sherehe, hasa ile ya 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani: msanii asilipwe kwa fulana na soda. Fundi wa mahema analipwa, mwenye spika analipwa. Aliyewaweka watu kwenye viti masaa mawili naye alipwe, na kama ametoka Ifo kuja mjini, kibali chake kiwe sehemu ya maandalizi kama mnavyopanga gari na chakula.

Kuondoa sarafu mkononi ni mazoezi ya wiki mbili. Kumfikisha kijana wa Ifo kwenye jukwaa la Garissa na kumrudisha kwao na pesa yake mfukoni, hiyo haina siri ya mkono. Ni sahihi ya mtu kwenye karatasi.