Duka la Singida, Kiwanda cha Morogoro

Nauza kanga Mbezi Luis, ng'ambo ya Stendi ya Magufuli, na kibarazani kwangu ubishi juu ya Mo Dewji, tajiri wa viwanda, hauishi. Abiria wa Singida hujigamba, "Yule wa kwetu." Mwenzake atamkata: mtoto wa tajiri hana la kujisifu. Mimi nawaambia wote wameanzia katikati.

Mohammed Dewji alizaliwa Singida mwaka 1975, katika familia ya Kihindi ya wenye duka. Baba yake, Gulamabbas, ndiye aliyeikuza biashara ikawa kampuni ya kuagiza na kusambaza bidhaa. Viwanda navyo vilikuwa na njia yao: tangu Azimio la Arusha la 1967, vikubwa vilikuwa vya umma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilituvalisha nchi nzima. Polytex ya Morogoro ikafuata baadaye. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalikuwa hoi, serikali ikaanza kuyauza.

Mo alimaliza masomo Georgetown, Marekani, 1998, akarudi kwenye kampuni ya nyumbani, MeTL. Wapo walionunua viwanda wakavigeuza maghala, nanyi mnawajua. MeTL waliichukua Polytex, wakaipa jina la 21st Century, nguo zikaendelea kutoka, kanga zikiwemo. Halafu sabuni, mafuta ya kula, mkonge, hadi soda anayokunywa kondakta hapo nje.

Kutengeneza kanga si mchezo, maana mnunuzi wake ni mkali. Mama mtu mzima haulizi bei kwanza. Huikunjua doti ingali haijakatwa, akatazama kama pindo limenyooka, kisha akasugua kitambaa kwa vidole kujua ni uzi au ni wanga mtupu. Jina husoma mwisho, na likiwa la kijembe kizuri, hapo ndipo tunapoanza kupatana.

Ubunge wa Mo kule Singida Mjini, 2005 hadi 2015, na kutekwa kwake Oktoba 2018 mnavijua, havinihusu dukani.

Kwangu mimi, ukoo ulimpa mtaji na serikali ikauza kuta na mashine. Yeye sifa yake ni kutoridhika na uchuuzi wakati kuagiza mzigo kulikuwa rahisi zaidi. Lakini mnapomsifu, watajeni na mafundi wa Polytex ya umma, maana kiwanda kile hakikuanza naye.