Falsafa ya manufaa inavyoupima utumikishwaji wa watoto

Binti wa miaka 14 anapotoka kijijini kuja Kigali kufua, kupika na kulea watoto wa wengine, mshahara wake huwasaidia wazazi kulipia chakula na matibabu. Je, hiyo ni dhuluma au ni msaada? Falsafa ya manufaa, mojawapo ya nadharia kuu za maadili, ina njia yake ya kujibu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inaweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Wenye miaka 13 hadi 15 wanaruhusiwa kazi nyepesi pekee, katika kujifunza ufundi. Rwanda pia imeridhia mikataba Na. 138 na Na. 182 ya Shirika la Kazi Duniani, ILO. Mtoto anayeteka maji baada ya masomo hahesabiwi kuwa anatumikishwa. Anayehesabiwa ni yule ambaye kazi humnyima shule, afya au usalama. Kwa makadirio ya ILO na UNICEF, mwaka 2024 walikuwapo watoto wa namna hiyo karibu milioni 138 duniani.

Mizani ya manufaa

Mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham (1748–1832) alifundisha kwamba tendo jema ni lile linaloleta furaha nyingi zaidi, au maumivu machache zaidi, kwa wote linaowagusa. Furaha ya kila mmoja ina uzito sawa: ya mwajiri haizidi ya mtumishi, wala ya mkubwa haizidi ya mtoto.

Kwa mizani hiyo, upande mmoja huwekwa nafuu ya mwajiri na fedha zinazofika kijijini. Upande wa pili huwekwa uchovu wa mtoto, hatari ya kupigwa au kudhalilishwa, na elimu aliyoikosa. Bentham alitaka pia muda upimwe. Mshahara huisha mwezi unapoisha, bali hasara ya kukosa elimu humfuata mtu maisha yake yote na huweza kurithiwa na wanawe. Ndiyo maana mara nyingi mizani hii hulaani utumikishwaji.

John Stuart Mill (1806–1873) aliongeza kwamba furaha hutofautiana kwa ubora, na zile za akili ni za juu zaidi. Kumfungia mtoto mlango wa elimu ni kumnyima furaha asiyoweza hata kuionja.

Funzo kutoka Bangladesh

Hata hivyo, nadharia hii hutazama matokeo, si nia njema. Miaka ya 1990, muswada wa Marekani wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto uliwatia hofu wenye viwanda vya nguo nchini Bangladesh, wakawafukuza maelfu ya watoto. Baadhi yao waliangukia kazi mbaya zaidi, ikiwemo kuponda mawe. Mwaka 1995 wenye viwanda, ILO na UNICEF walitia saini makubaliano ya kuwaondoa watoto viwandani na kuwapeleka shuleni kwa posho.

Kwa hiyo mfuasi wa falsafa hii huuliza: mtoto akiondolewa kazini, ataenda wapi, na jamaa yake itakula nini? Chakula cha mchana shuleni, na mpango wa VUP unaozipatia kaya maskini za Rwanda kazi za umma au fedha za kujikimu, ni hatua zinazoweza kugeuza hesabu hiyo.

Pingamizi

Wakosoaji husema kasoro ya nadharia hii ni kwamba huruhusu mmoja aumie iwapo wengi watanufaika. Immanuel Kant alisisitiza kwamba binadamu hapaswi kutumiwa kama chombo tu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 nao humlinda kila mtoto dhidi ya unyonyaji wa kiuchumi, bila kuuliza ni wangapi watakaofaidika. Baadhi ya watetezi wa falsafa ya manufaa hujibu kwamba kanuni ipimwe kwa ujumla wake: pale ambapo watoto wengi huajiriwa kwa malipo duni, hata ujira wa watu wazima hushuka, na wazazi wanaotegemea mshahara wa mtoto huzidi kuuhitaji.