Wiski Katika Njia ya Tunduma

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, wajumbe wa Uingereza na wa Ujerumani walitia saini mkataba ambao, pamoja na mashauri yake mengi juu ya Zanzibar na juu ya kisiwa cha Heligoland, uliweka mpaka baina ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, ukianzia mlango wa mto Songwe. Na kesho yake, tarehe 2 Julai, mjini Brussels, mataifa yaliyokuwa yamekutana kwa shauri la kuikomesha biashara ya watumwa yalitia saini mkataba wa pili, ambao miongoni mwa vifungu vyake vilikuwamo vya kuzuia pombe kali isiingizwe wala isikenekwe katika nchi za Afrika zilizo baina ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya ikweta, kila mahali ambapo matumizi yake yalikuwa hayajaenea. Mkataba wa kwanza ndio uliouzaa mpaka wa Tunduma, na wa pili ndio ulioamua, kwa muda wa miaka sitini na zaidi, nani anywe nini katika pande zote mbili za mpaka huo. Leo ukiketi katika grosari yoyote isiyo mbali na forodha utawasikia watu wakibishana kwa shauku kubwa kuhusu wiski ipi iliyo bora, kana kwamba ulimi wa mnywaji ndio uliochagua tangu mwanzo. Ilhali tarehe za mikataba, sheria na barabara zinaonyesha kuwa ulimi ulialikwa karamuni mwishoni kabisa.

Mpaka wenyewe ulipinda kwa ajili ya barabara. Tajiri mmoja wa Glasgow, James Stevenson, alikuwa ametoa fedha ili ikatwe njia kutoka Karonga, pwani ya ziwa Nyasa, mpaka ziwa Tanganyika, na kazi ilianza mwaka 1881 chini ya kampuni ya African Lakes, iliyoasisiwa mwaka 1878 na Waskoti wenye mafungamano na kanisa na kuendeshwa na ndugu wawili, John na Frederick Moir. Waingereza hawakukubali njia hiyo iangukie mikononi mwa Wajerumani, na kwa sababu hiyo mstari ulichorwa kaskazini yake; hata leo Nakonde ya Zambia iko upande mmoja na Tunduma ya Tanzania upande wa pili, na athari ya barabara ya Stevenson imelala ng'ambo, ikipita karibu na Mwenzo, walikojenga wamisionari wa Livingstonia, na karibu na boma la zamani la Fife. Ni ajabu ya kuchekesha kidogo kwamba njia ya kwanza iliyokatwa kwa fedha ya Uskoti katika nyanda hizi, ambayo kwa haki ndiyo iliyostahili kuleta kinywaji cha Uskoti, ilileta nguo, shanga na Injili, kwa maana wenye kampuni walikusudia biashara halali iue biashara ya utumwa, na ulevi haukuwa katika bidhaa walizotaka kumwuzia Mwafrika. Chupa walizokuwa nazo Wazungu wenyewe katika masanduku yao ni shauri jingine. Mkataba wa Brussels uliwaachia wageni mlango wao, kwa kiasi kilichowekewa mpaka.

Na wiski iliyokuwamo katika masanduku hayo ilikuwa ya namna gani? Wiski ya asili ya Uskoti hutengenezwa kwa shayiri iliyochipuzwa, ikakaushwa, pengine kwa moshi wa mboji unaoipa ile harufu ya tanuri ambayo wengine huipenda kufa na wengine hawawezi kuivumilia, kisha ikachachushwa, ikakenekwa katika mitungi mikubwa ya shaba, na kulazwa ndani ya mapipa ya mwaloni. Sheria ya sasa hairuhusu kuiita wiski ya Skochi kabla haijalala miaka 3, wala hairuhusu nguvu yake ishuke chini ya asilimia 40. Lakini hiyo haikuwa ndiyo iliyosafiri. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, aliyepata kuwa afisa wa ushuru huko Ireland, alipata hati ya uvumbuzi wa mtambo wa mnara unaokeneka mfululizo bila kusimama, ukitoa kileo chepesi kwa nafaka yoyote na kwa gharama ndogo. Na baada ya sheria ya mwaka 1860 kurahisisha kuchanganya kileo hicho na kile kizito cha shayiri kabla ya kulipiwa ushuru, wauza vyakula wa miji ya Uskoti wakawa mabingwa wa kuchanganya. John Walker, aliyefungua duka lake mjini Kilmarnock mwaka 1820, alikuwa mmoja wao. Kizazi chake ndicho kilicholeta chupa ya pembe nne, isiyoviringika wala kupoteza nafasi katika sanduku, na mwaka 1909 nyumba hiyo ikazipa wiski zake majina ya Red Label na Black Label. Kabla ya hapo mdudu aliyeteketeza mizabibu ya Ufaransa alikuwa ameiadimisha brandi katika meza za Waingereza, na wiski ikakalia kiti kilichoachwa wazi. Basi aina tuliyoijua sisi ilikuwa ya mchanganyiko, na ile ya mtambo mmoja, shayiri tupu, ilibaki kwa Waskoti mpaka Glenfiddich ilipoanza kuitangaza duniani mwaka 1963.

Wenyeji wa nyanda hizi, Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na jirani zao, hawakuwa wakiishi kwa kiu. Walikuwa na kimpumu ya ulezi, ambayo hutiwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija na watu wakizunguka chungu kimoja, na pombe za mahindi, ambazo mojawapo, komoni, ingali ikiuzwa vilabuni mpaka sasa. Hizo ni pombe za kuchacha tu, na mnywaji wake hushiba kabla hajalewa. Ufundi wa kukeneka ni wa baadaye, nao hauhitaji zaidi ya pipa la bati, bomba la shaba, maji baridi na usiku mrefu: machicha huchemshwa, mvuke hupita bombani, na tone la kwanza likianguka huwa kali mno hata mpikaji mwenye busara hulimwaga, maana huaminiwa kuwa ndimo mnamokusanyika sumu inayopofua macho. Hiyo ndiyo gongo, au moshi kama sheria inavyoiita, na kwa kanuni ya kazi ni ndugu wa wiski. Kinachowatenganisha ni pipa la mwaloni, miaka ya kungoja na stempu ya serikali.

Watu wengi hawajui kwamba wiski imewahi kutengenezwa katika ardhi ya nchi hii. Vita vya mwaka 1914 vilipoikatia Afrika Mashariki ya Kijerumani njia ya bahari, taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo ya Amani, katika milima ya Usambara, iligeuzwa kuwa karakana ya kila kitu kilichokosekana, na katika miezi 18 ya mwanzo ilitoa, pamoja na sabuni, dawa, mishumaa na chokoleti, chupa 15,200 za wiski na vileo vingine vikali. Ladha yake hakuna awezaye kuisimulia leo. Nafikiri askari aliyekuwa porini hakuuliza sana. Vita hivyo vilimalizikia katika pembe hii yetu: Lettow-Vorbeck, jemadari wa jeshi la Wajerumani, akiwa amezunguka na kurudi kutoka Msumbiji, aliishambulia Fife tarehe 2 Novemba 1918, akapita kusini, na tarehe 25 ya mwezi huo akaweka silaha chini huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala.

Waingereza waliposhika Tanganyika kwa amana ya Shirikisho la Mataifa walifungwa na sharti la kuisimamia kwa ukali biashara ya pombe kali, na mkataba mpya wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukaendeleza ule wa Brussels. Nia ya mikataba hiyo sitaki kuibeza, kwa kuwa shehena za jini mbovu zilikuwa zimefanya hasara kubwa pwani ya magharibi ya Afrika. Ila sheria iliyotoka humo ilipima rangi ya ngozi badala ya kupima kiasi. Walowezi waliokuja kulima kahawa Mbozi walikunywa wiski na soda barazani jua likitua, na mpishi aliyewaletea trei alizijua chupa zote kwa majina na umri wake, akijua pia kwamba tone moja kinywani mwake ni kesi. Bia ya chupa ilitangulia kuruhusiwa kwa Waafrika, na pombe kali ikafuata katika miaka ya 1950. Nadhani heshima kubwa mno ambayo wiski ingali nayo miongoni mwa wazee wetu, hata mtu akaiweka kabatini miaka mingi bila kuifungua, inatokana na marufuku hiyo kuliko na shayiri.

Uhuru ulileta sheria zake. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha sheria ya moshi, iliyokataza kuukeneka pasipo leseni. Na katika miaka ya 1970 kiwanda cha Tanzania Distilleries cha Dar es Salaam kikaleta Konyagi, kinywaji cheupe cha asilimia 35 kitokanacho na miwa, si wiski wala si jini, ambacho kilipata bahati ya kuwapo dukani katika miaka ambayo vitu vingi havikuwapo. Huku kwetu bahati ilikuwa na sababu ya pili. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965 na njia ya kusini ikawa mashakani, Zambia ilianza kuvuta mafuta na shehena zake kwa barabara ya Tunduma, ambayo kwa vumbi, matope na magari yaliyopinduka iliitwa na madereva njia ya jahanamu. Likaja bomba la mafuta mwaka 1968, ikaja lami, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Mji ulizaliwa kwa foleni, na mtu aliyelala siku tatu foleni hunywa.

Vilipoingia vifuko vya plastiki, mkataba wa mpaka wa mwaka 1890 ulipata kisasi chake. Zambia, ambako viliitwa tujilijili, ilivipiga marufuku mwezi Aprili 2012. Tanzania, ambako tuliviita viroba, ilivifuta kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Katika karibu miaka mitano iliyopita katikati, kitu kilichokuwa haramu Nakonde kilikuwa halali Tunduma, na baina yao pana hatua chache na njia za panya zisizohesabika. Sihitaji kueleza zaidi. Badala ya viroba vikaja vichupa, na bei ikapanda kwa mnywaji yuleyule.

Siku hizi kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa mwezi Oktoba 2019, kimepunguza foleni, na tangu mwaka huohuo chupa hubandikwa stempu za kielektroniki za kodi. Nenda ukatazame rafu ya grosari: juu kabisa Black Label na Jameson, chini yake Red Label na Grant's, kisha Konyagi na K-Vant ya Arusha zikiwa zimejipanga kwa ukubwa, mzinga, nusu mzinga na ndogo. Mteja wa chupa ya juu haifungui kabla hajaichunguza. Huitazama stempu, huupapasa mfuniko kwa kucha, kisha huipindua polepole na kufuatisha mapovu yanavyopanda. Yakipotea upesi mno, huirudisha kaunta pasipo neno. Wafanya biashara ya kubadili kwacha aghalabu hupendelea Jameson, ambayo hukenekwa mara tatu na hupita kooni bila ugomvi. Wakulima wa kahawa wa Mbozi, fedha za mauzo zikitoka, hurudi kwenye Black Label ya miaka 12, nadhani kwa ukumbusho wa baraza za walowezi. Mimi nikiulizwa husema Red Label na maji ya kawaida, jibu ambalo halijapata kunipa heshima mahali popote.

Jioni moja niliketi na dereva mstaafu aliyeanza kazi katika njia hii enzi za vumbi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, kaa," na bila kuulizwa akaanza kuwalaumu vijana wa meza ya pili waliokuwa wakitia kinywaji cha kuongeza nguvu ndani ya wiski. Kwake yeye pombe kali hunywewa kavu, kwa toti, baada ya gari kuegeshwa na funguo kukabidhiwa. Katika meza hiyo ya vijana alikuwapo dereva wa semitrela aliyetoka Afrika Kusini na chupa ya Bain's, wiski itengenezwayo Wellington kwa mahindi matupu na kulazwa katika mapipa yaliyopata kuhifadhi wiski ya Marekani, nayo mwaka 2013 ilitajwa kuwa wiski bora ya nafaka duniani. Imepewa jina la Andrew Geddes Bain, Mskoti mwingine mkata barabara. Nikamweleza mzee kwamba hata wiski ya Kimarekani iitwayo bourbon lazima nusu yake na zaidi iwe mahindi, na kwamba Jack Daniel, ambaye jina lake liko katika chupa nyeusi anayoiona kila siku, alifundishwa kazi na mtumwa Mwafrika aitwaye Nearest Green. Habari ya Green aliisikiliza kwa makini, akataka nimrudie jina. Kisha kijana akammiminia kidogo kwa adabu, mzee akaonja, akasema ni tamu.

"Na hii nayo ni mahindi, mzee," nikamwambia, "kama haya ya hapa Momba."

Akauliza bei, akatajiwa. "Mwanangu," akasema, "mbona bei yake si ya mahindi?" akaagiza Konyagi ndogo na kipande cha ndimu.